Usije Ukafa kwa Upweke

Mwanangu kipenzi,

Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto lina maneno yake. Shairi lako la kuishi peke yako nilisomewa na binamu yako, nikalia. Papo hapo nikamwambia afungashe aje mkae pamoja, usije ukafa kwa upweke.

Kumbe mjomba wako fundi viatu alipita kwako. Anasema alikukuta unapiga deki huku unaimba, ukamwambia, "Mjomba, tangu asubuhi sijasema na mtu, nina raha mpaka naona haya."

Sikuamini. Jumamosi wote walipokwenda harusini, nikabaki nyumbani nijaribu. Nilikula sufuriani. Nikasali taratibu, hakuna wa kuniuliza chumvi iko wapi. Mwanangu, nilimwambia Mungu mambo ambayo sijapata nafasi ya kumwambia tangu niolewe. Waliporudi nikaona wamewahi mno.

Basi binamu yako nimemzuia, amenuna. Kaa na uhuru wako, andika. Ila mwezi ujao nakuja kukuona. Ukinichoka sema tu, "Mama, nenda sasa." Nitalia kidogo, halafu nitaenda.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza hata ukiwa na raha.