Jembe la Mama Lililokwenda Bulaya

Kadutu, Bukavu
Tarehe 17 Novemba 1957

Mupendwa dada Colombe,

Asinge. Ninakusalimu kwa furaha, wewe na shemeji Xavier na watoto wote. Barua yako ya mwezi wa tisa ilifika, na tulicheka sana kusikia Colette ameanza kutembea na kazi yake ya kwanza ni kuvunja sahani. Kile kikohozi chako cha wakati wa vumbi kimekwisha? Nijibu kweli, usinifiche.

Sisi huku tuko wazima. Muke wangu Madeleine iko muzuri, mimba yake inaendelea bila shida. Mama iko Nyangezi, magoti yanamuuma kidogo mu mvua hii, lakini ukimwambia apumzike anakukasirikia wewe kuliko magoti.

Sasa kaa chini, funga mutoto mugongoni, kwani barua iko ndefu. Kaka yako ameagiza majembe Bulaya. Sikupitia kwa mwenye depo, yule anayetuuzia mali ya jumla, wala kwa muzungu yeyote. Ni mimi mwenyewe, moja kwa moja ku kiwanda, kwa kalamu yangu na kwa Kifaransa changu hiki ulichokuwa unakicheka. Dazeni makumi ine. Mu Kadutu yote sijui muuzaji mweusi aliyefanya hivyo kabla yangu, na kama yuko, aje tusalimiane.

Unajua majembe ya magasin za wazungu: mapana, mazito, yanachosha mabega. Wanawake wa kwetu wanapenda umbo la Kaziba, lenye mukia murefu unaopenya vizuri ku mupini. Lakini wafua chuma wa Kaziba wanazeeka, na vijana wao wamekimbilia kazi za mji. Nilimuuliza mwenye depo ninakonunua kama anaweza kuleta majembe ya umbo lile. Akaniambia nichukue yaliyopo ao niache. Jibu lile lilinichoma.

Zamani, nilipokuwa mutumishi wake wa kufungua makasha, niliona kila kasha limechomwa jina la kiwanda na la mji wake ku mbao. Niliyaandika mu kaye yangu. Watu wengi walifungua makasha yale, mimi niliyasoma.

Basi niliandika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa katalogi yenye picha na maulizo mengi: dazeni ngapi, uzito gani, urefu gani, mukia wa namna gani. Shemeji Xavier akifika siku ya kuagiza kitu, umwambie: watu wa kiwanda hawataki sifa za kitu, wanataka vipimo. Na mwisho waliandika, tutumie mufano mumoja.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninakuandikia wazi kwa sababu wewe ni dada yangu. Nilikwenda Nyangezi kuomba jembe kwa Mama. Alikuwa na jipya la Kaziba, halijaguswa, chini ya paa. Lakini unajua desturi ya kwetu: mugeni wa heshima humuonyeshi kitu ambacho kazi yake haijulikani. Mama akasema kama watu wa Bulaya wanataka kuona jembe letu, basi waone lile lililotulea sisi watoto saba, si lile ambalo halijui mutu. Akanipa lake la siku ya ndoa. Niliona ana haki, nikalifunga mu gunia. Sikufikiri hata kidogo kwamba kiwanda hakijui kutenga jembe na uzee wake.

Ku posta karani aliandika ku karatasi ya kifurushi: jembe la zamani, halina bei. Nilitaka kubishana naye, lakini watu walikuwa wengi nyuma yangu.

Wakati huo wanawake wa Nyangezi walikuwa wamejiandikisha kwangu mbele ya kanisa, majina zaidi ya mia mbili. Kwa neno langu tu waliacha kununua majembe ya magasin, wakingojea yangu. Akiba yote ya duka niliitia ku banki, na banki iliishika mpaka karatasi za meli zifike, hivyo ndivyo wanavyofanya. Lakini faranga hazikunitia woga kama jina langu. Ningeanguka, watu wangesema miaka kumi kwamba mutu mweusi hawezi kazi hii, na kila kijana anayetaka kujaribu angetajiwa Philémon.

Makasha yalitoka Anvers kwa meli, yakafika Dar es Salaam, yakapanda treni mpaka Kigoma, yakavuka ziwa Tanganyika mpaka Usumbura. Kule watu wa duane, wenye kutoza ushuru, waliyakalisha siku kumi na mbili kwa sababu ya muhuri mumoja. Kisha kamyo ikayapandisha kwa njia ya Luvungi na Nyangezi mpaka mulangoni kwangu, tarehe 21 ya mwezi wa tisa.

Nami, kichwa kikiwa kimevimba, nilialika watu. Nilivaa koti. Madeleine alitayarisha mitungi miwili ya pombe ya kasiksi. Wanawake walishuka kutoka Nyangezi kwa miguu, wakajaa mu uwanja wa duka. Nikapasua kasha la kwanza mbele ya wote.

Colombe, yalikuwa mafupi. Mafupi, membamba, na pembe moja imelika, ile pembe Mama anayoikwaruza ku mawe ya shamba letu. Nilitoa la pili, la tatu, nikapasua kasha lingine. Yote mapacha. Walikuwa wamepima jembe la Mama milimeta kwa milimeta, wakatengeneza mia ine na makumi nane, chuma kizuri kinachong'aa, yamezeeka tangu kuzaliwa. Lake lenyewe lilikuwa juu ya kasha, limefungwa mu karatasi ya mafuta.

Mumoja akacheka, na uwanja wote ukacheka, na kasiksi yangu wakainywa vilevile. Ulikuwa wakati wa kuvunja udongo, mvua imeanza. Nani atavunja udongo na kijembe kile? Wanawake walikwenda zao kununua mapana kwa mwenye depo. Yeye mwenyewe alipita mu motokari yake, akapunguza mwendo mbele ya duka langu, akaendelea. Wiki tatu sikuuza hata moja. Niliandika barua ya hasira ku kiwanda, nikaituma kwa ndege.

Katikati ya mwezi wa kumi Mama alikuja kuchukua jembe lake, kwani maharagi yake yalikuwa yanashindwa na majani. Akaona yale mapya yamejaa mpaka juu. Alichukua moja, akaagiza nilitie mupini, akaenda ku shamba dogo la Madeleine nyuma ya nyumba. Akapalilia mistari mitatu bila kukata shina moja la haragi. Kisha akaniuliza kwa nini ninalia na ninalala juu ya mali.

Ndipo akanifundisha kitu ambacho mimi, mwanaume wa miaka makumi tatu na tano, sikukijua. Mwanamuke wa kwetu anahitaji majembe mawili: kubwa la kuvunja udongo na dogo la kupalilia. Na lile dogo haliuzwi popote. Ni kubwa lililotumika miaka kumi na tano. Musichana aliyeolewa jana atalitoa wapi? Anaazima kwa mama mukwe, na kila kuazima kuna masimango yake. Madeleine alikuwa amesimama pale, akainamisha kichwa. Nikaelewa kwamba na yeye amekwisha kuyasikia.

Siku ya soko Mama alikaa mbele ya duka langu na jembe moja ku magoti. Bibi-arusi wa kwanza alinunua, kisha wadogo zake, kisha wale wale walionicheka. Siku ya Watakatifu Wote halikubaki hata moja. Watu wa Kalehe wanatuma habari kwa mashua wakiomba dazeni makumi mbili. Mwenye depo alituma mutu wake kuniuliza ninayapata wapi. Nilimujibu kwa heshima kwamba anwani iko ku makasha.

Juma lililopita kiwanda kilijibu barua yangu ya hasira. Wanasema kwa upole kwamba walitengeneza kile nilichowatumia, na waliweka ndani picha waliyochora kabla ya kazi, yenye vipimo vyote. Lakini wanataka kujua kama nitaagiza tena, kwa sababu wataliweka jembe hili mu katalogi yao mupya, na wanauliza walipatie jina gani.

Nitakuambia ukweli: nilichukua kalamu pale pale na nikaandika Philémon. Nani mwingine alisoma makasha, nani aliandika barua, nani alichekwa? Niliona jina langu linastahili.

Jumapili hii, nyuma ya misa, nilipeleka picha ile Nyangezi kumuonyesha Mama. Hajui kusoma, lakini jembe lake alilitambua. Alifuata mustari kwa kidole: huu upande ulioliwa, hapa pembe ya mawe, na hapa, wamechora na mushale, ule mupasuko mudogo wa siku alipogonga jiwe akiwa na mimba yako. Kisha akasema, bila hasira, amekaa mu nyumba hii miaka makumi ine, amezaa watoto saba, na mutu wa kwanza kuliangalia vizuri jembe lake ni muzungu asiyemujua.

Nilirudi Kadutu, nikapasua ile barua niliyoandika, nikaandika ingine. Katalogi itatoka mwezi wa tatu, na jina litakalokuwa chini ya picha ni la Mama: M'Bulonza. Sijamwambia. Ninaomba shemeji akuruhusu uje Pasaka, umusomee wewe.

Umusalimie Xavier sana, na mama yake, na Colette mwenye kuvunja sahani. Shangazi Eulalie na Madeleine wanakusalimu. Mungu awalinde mu nyumba yenu, awape afya na chakula na moyo mweupe.

Wako akupendaye siku zote,
mutoto wa M'Bulonza,
Philémon