Ukurasa Nilioruka

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili. Kwenye mkutano wa mtaa walinipa mimi nisome makubaliano na wenye lile jumba la kompyuta. Eti mimi ndiye msomi. Sauti ilitetemeka, vijana wa nyuma wakacheka, nikafunua kurasa mbili kwa mpigo ili nimalize. Niliruka ukurasa wa nne. Watu wakanyoosha mikono, wakakubali.

Nilikuja kuusoma nyumbani. Kompyuta za akili bandia zinakula umeme kuliko mtaa mzima. Ukipungua, laini yetu inakatwa kwanza.

Nikanyamaza. Miezi minane sasa.

Jumatano, 5 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Mayai ya mama yapo siku ya kumi na tisa kwenye mashine ya kuangulia — mia mbili! Tumeifunika kwa mablanketi yote. Ukitega sikio unasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Ng'ambo ya barabara jumba linanguruma tu. Kaka kasema lile halijui hata kukohoa. Mama hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Mama alipasua yai moja. Kifaranga kamili, na manyoya yake. Akapasua la pili. Akaacha, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa umeme amepita. Kasema tusimlaumu yeye, tuulaumu ukurasa wa nne.

"Ukurasa wa nne upi?" mama akauliza.

Mara majirani wamejaa uani, mwenyekiti wa mtaa kaitwa. Akaapa hajawahi kuusikia. Kweli, hajawahi.

"Usitufanye watoto wa chekechea," shangazi akamwambia. "Uliuchomoa kabla hujampa huyu asome. Haya, muulize."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti alinitazama kwa matumaini, masikini.

"Nilisoma nilichopewa," nikasema.

Akavua kofia.

Mama akasema basi leo hii iandikwe barua ya kumtoa, na niandike mimi, nina mwandiko mzuri. Nikakaa mezani. Nikaandika kwamba sisi wakazi hatuna imani naye tena. Nikaandika na sababu. Mama akaniambia niweke sahihi yangu kama shahidi. Nikaweka, nikampa shangazi kalamu.