Mfalme wa Baghdadi Hapa Miteja

Jumanne, 15 Julai 1958

Nimerudi sasa hivi, miguu imevimba. Kutwa nzima kwenye mashamba ya mihogo — nani kapanda, nani hajapanda. Serikali inataka kila nyumba iwe na shamba la akiba ya njaa. Haya, kazi yangu ya ujumbe ndiyo hiyo, kugombana na watu wazima kwa ajili ya mihogo. Mzee mmoja kaniambia yake imeliwa na nguruwe. Nguruwe gani hao wanaokula mihogo isiyopandwa! Nimecheka peke yangu njiani.

Mama bado yuko kitandani. Uji kanywa vijiko vichache tu. Nilimkuta Sipriani amekaa kizingitini anamtukana. Mngindo huyu! Wangindo ni watani wetu tangu enzi za mababu, na mimi na yeye tuliingia jandoni pamoja, kabla mapadri hawajambatiza. Anamwita mama mchumba wake. Eti akifa atamchimbia kaburi fupi, miguu ibaki nje, apate pa kutundika kofia. Mama kacheka mpaka kakohoa. Sisi wanawe hatumchekeshi hivyo.

Na mimi kaniambia kilemba changu kinanuka popo. Sawa tu.

Jioni redio. Betri inakufa, sauti inakwenda na kurudi. Askari wameasi huko Baghdadi, kwa mfalme wa Iraki. Sikusikia vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Betri nimeianika juani, ikapata nguvu. Ni kweli. Wanasema mfalme ameuawa. Kijana mdogo wa miaka ishirini na tatu! Yeye na jamaa zake wametolewa nje ya jumba lao, wakapigwa risasi bustanini, wanawake humo humo. Na mjomba wake pia, yule aliyemshikia kiti tangu akiwa mtoto. Maiti ya mjomba wameifunga kamba wakaiburuta barabarani. Watu wa ukoo wa Mtume hao!

Mjomba na mpwa. Nilizima redio.

Kwetu kiti hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mimi nilikipata kwa mjomba wangu, na mjomba wake yeye Wadachi walimnyonga baada ya Vita vya Maji Maji. Mpwa wangu ni Abdala, mtoto wa dada. Sikula usiku. Mke wangu Mwanaima kaniuliza kama samaki wameharibika. Nikamwambia samaki hawana kosa.

Ijumaa, 18 Julai

Msikitini hakuna habari nyingine. Na kila mtu ana fundisho lake! Khatibu anasema waliiacha dini. Mwenye duka anasema waliwakumbatia mno Waingereza — akaniangalia, mimi mwenye koti la serikali. Nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Njiani Abdala kasema waliomuua mfalme ni askari wake mwenyewe, waliokuwa wakimpigia saluti. Nikamwambia basi fundisho ndilo hilo, angewashika mapema. Tangu apate kadi ya chama cha kudai uhuru hanibishii tena. Ananyamaza tu, na mimi kimya chake sikipendi.

Nimemwambia Mikaeli, tarishi wangu, awe analala barazani kwangu. Kauliza kama kuna simba. Nikamwambia ndiyo, kuna simba.

Jumapili, 20 Julai

Nimechoka, lakini niandike.

Leo tumemzika jirani yetu, mzee Benedikto. Wangindo walifika mapema, kuchimba kaburi na kufanya vituko vyao. Ndiyo kazi ya watani, bila wao msiba haubebeki. Sipriani kavaa sufuria kichwani, ile nyeusi ya kupikia ubwabwa, na shuka begani. Anapita kati ya watu anasema yeye ndiye mfalme wa Baghdadi, wampishe. Watu wakaangua kicheko, hata mjane. Hata mimi nilicheka.

Kisha akaninyakua kilemba. Mtani anayo haki hiyo, unakikomboa kwa kuku, mambo yanakwisha. Lakini hakukishika mkononi. Alikifunga kwenye kamba ya mbuzi, ncha ya pili kiunoni mwake, akakiburuta vumbini mbele ya umma wote, anaimba: huyu mjomba, huyu mjomba, mpwa yuko wapi?

Na kule nyuma vijana wa kadi wakapiga makofi. Wale wengine walicheka. Hawa walipiga makofi, kwa pamoja. Abdala alikuwa katikati yao. Sikuona kama na yeye alipiga.

Damu ikanipanda. Nikamwambia Mikaeli, mfunge.

Mikaeli akadhani nami natania. Sipriani vile vile! Akatoa mikono mwenyewe huku anacheka. “Funga vizuri,” akasema, “mfalme asije akatoroka.” Akaenda hivyo mpaka stoo ya baraza, sufuria kichwani, kilemba changu kinamfuata nyuma. Alikuwa bado anacheka mlango ulipofungwa. Kufuli nilitia mwenyewe.

Ndipo watu wakanyamaza. Benedikto tulimzika kimya kimya, mpaka padri alishangaa.

Jumatatu, 21 Julai

Sikukosea. Yule mfalme angemshika mtu mmoja tu mapema, leo angekuwa anakunywa chai na mjomba wake. Najua mtani hashitakiwi. Nani asiyejua? Lakini hizi si zama zile. Leo wanaburuta kilemba, kesho wataburuta nini?

Mwanaima hasemi na mimi. Ugali anaweka chini, anaondoka.

Mama kauliza mume wake yuko wapi. Nikasema Sipriani kasafiri.

“Bila kunitukana?” kasema. Akageukia ukutani.

Jumanne, 22 Julai

Nimemfungua. Nilikwenda mwenyewe na ufunguo. Nilijua matusi yatakayonikuta, hata jibu nilishalipanga njiani, zuri kweli, la kumhusu mama yake mkwe.

Alikuwa amekaa juu ya gunia. Sufuria kaiweka pembeni. Kilemba kakikung'uta, kakikunja, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kwenda.

Anaruhusiwa! Sipriani huyo! Nikamwambia nenda. Akaenda. Jibu langu nimerudi nalo nyumbani.

Mwanaima sasa kafungua mdomo. Chukua yule jogoo mwekundu, kaniambia, mpelekee mtani wako kwa mkono wako mwenyewe, yaishe. Nikasema jumbe hapeleki jogoo kwa mtu aliyemfunga. Hapo akaacha kupepeta mchele.

“Na huyo mfalme wako wa redioni,” akasema, “alipokuwa hai, nani aliwahi kumburutia kilemba?”

Mwanamke akichoka husema lolote. Lakini nimelala chali muda mrefu nawaza. Hakuna, nadhani. Walimpigia saluti tu.

Jumatano, 23 Julai

Watu wananipisha njiani. Yule mzee wa nguruwe kaniletea habari kwamba ameshapanda mihogo, shamba zima. Nilikwenda kuangalia, kweli kapanda. Wote wamepanda. Hakuna aliyenibishia siku nzima, wala kunidanganya.

Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 24 Julai

Mama katutoka alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alikuwa ananishika mkono. Aliuliza tena: amekuja? Nikasema yuko njiani. Mama yangu nimemsindikiza kwa uongo. Ee Mola nisamehe.

Nililia, tena kwa sauti, mbele ya Mikaeli. Basi.

Watani lazima wapelekewe habari, kaburi ni lao. Nimemtuma Mikaeli, na jogoo mwekundu nimemkabidhi. Nimemwambia aseme jumbe ameomba yaishe, na akisema hivyo asicheke. Mwanaima alikuwa anasikia. Alinong'ona tu kwamba nilitakiwa kwenda mwenyewe, tena juzi, mama akiwa hai.

Magharibi Mikaeli karudi. Jogoo bado kwapani. Wangindo wanatoa pole, watafika asubuhi na majembe yao. Jogoo hawamhitaji, Jumbe asijisumbue.

Asijisumbue. Hilo neno la kumwambia mgeni! Sipriani ninayemjua angemla jogoo, kisha angedai na banda lake.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika chumbani, wanawake wanamwosha mama. Tunazika kabla ya sala.

Asubuhi nilikaa mkekani na waombolezaji. Nilivaa kilemba, na makusudi nilikilegeza, nikakilaza upande. Mtu yeyote angekinyakua kwa kidole kimoja. Mwanaima aliniona nikijitengeneza hivyo, akageuza uso. Nadhani alikuwa analia.

Wakaja. Wangindo wote, wake kwa waume. Sipriani mbele. Alikuja moja kwa moja kwangu, na moyo ukanidunda kwa furaha, nisifiche, furaha kabisa! Nikainamisha kichwa kidogo ili apate urahisi.

Akasimama mbali. Akavua kofia, akaikumbatia kifuani.

“Shikamoo, Jumbe.”

Sisi wa jando moja! Tumelala jivu moja, tumelia kisu kimoja. Na nyuma yake wote wakafuata, shikamoo, shikamoo, pole kwa msiba mkubwa, wazee walionizidi umri na wao humo humo. Hakuna aliyeinua macho.

Marahaba, nikajibu. Ningejibu nini?

Nasikia majembe kutoka dirishani. Hawaimbi. Hakuna anayejilaza kaburini kulipima, hakuna anayedai pombe, hakuna anayemlilia mchumba wake. Wanachimba tu, kama wafungwa wa serikali wanavyochimba barabara. Kule kwenye mkeka wenzangu nao wamekaa kimya. Hata vijana wa kadi leo hawapigi makofi. Wananiamkia.

Redio nimeifunika kanga ya mama. Sitaki kusikia nani kashika kiti huko Baghdadi.

Abdala kaja mlangoni. Kavua viatu nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya chumbani mwangu. Kasema maiti iko tayari, na kaburi liko tayari, wananingoja mimi tu. Nikamwambia kaa kidogo. Hakukaa. Nikamuuliza, kaburi wameliacha fupi?

Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

“Hapana, Mjomba,” akasema. “Wamelipima vizuri. Wamechimba kwa heshima.”

Bado amesimama hapo mlangoni, na mimi bado nimekaa. Kilemba kiko upande vile vile.