Mwalimu Wangu wa Gitaa Anarudi, na Wimbo Wake Nimeufanya Wangu

Mpendwa Bibi Mwanabaraka,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla mwezi wa saba haujafika, maana usingizi sina, na wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia hili bila aibu kwa kuwa hunijui sura. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeolewa, naishi Viwanja Sitini hapa Ifakara, na ni mwimbaji, tena mzuri, hata wasionipenda wanakubali hilo, na kuanzia Mkula mpaka Lumemo ni harusi chache zinazopita bila mimi kuitwa na gitaa langu.

Gitaa lenyewe nilipewa na Nora, Mmarekani aliyetufundisha Kiingereza shuleni kwa miaka miwili, naye ni mwimbaji anayetunga mwenyewe, wazazi wa babu yake walitoka Ayalandi kwa sababu ya njaa wakabeba nyimbo za kwao, basi yeye anazichukua hizo za wazee, zinazopanda na kushuka mpaka hujui mtu analia au anacheka, anazichanganya na zile za wakulima wa milimani Marekani alikozaliwa, na nyuzi anazidonoa kwa vidole, si kuzikwangua kama vijana wa bendi, mpaka unadhani magitaa ni mawili. Jioni alikuwa ananifundisha barazani kwake, na mwaka 1993 alipoondoka aliniachia gitaa na kaseti moja ya nyimbo zake.

Sasa Bibi, kosa langu ni hili. Kwenye kaseti ile kuna wimbo ambao maneno yake siyaelewi vizuri ila sauti yake ilinikaa kichwani, na mwaka juzi nikiwa dunguni, juu ya jukwaa la miti katika shamba letu ng'ambo ya mto, tunaamia ndege wasimalize mpunga, nikautia maneno ya Kiswahili, bibi harusi anawaambia wanaume waliokuwa wanamtaka wamwache sasa, na kwenye kiitikio nikaweka ule ukelele wa mama mkwe wangu wa kufukuzia kwelea, "Hoya, hoya, nendeni kwa mwingine!", ukaingia kama umezaliwa humo. Jamani, wimbo ukashika! Harusi moja wananirudisha mara tatu, watoto wanauimba kisimani, na kila nikiulizwa kama nimetunga mwenyewe nasema ndiyo, mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Juzi imekuja barua ya Nora, atashuka kwa treni mwezi wa saba na kinasa sauti chake, anataka kurekodi nyimbo zangu pamoja na zake, nami nikiimba ule atajua nimemwibia, nisipouimba watu wataudai mbele yake, na mume wangu Kelestini anasema ninyamaze tu, Mzungu gani atakumbuka. Nyumbani nako sina wa kunituliza. Mama mkwe tulikuwa tunapatana sana, tena mimi nimezaliwa mjini na mambo ya mpunga yeye ndiye aliyenifundisha, lakini msimu huu ameninunia bila sababu, dunguni hatoi sauti kabisa, anapiga debe, na debe ndege wameshalizoea, wanakula huku tunawatazama, hata vijana wa madungu ya jirani wakimwimbia kiitikio ili wamchangamshe, hacheki. Nifanye nini nisiaibike mbele ya mwalimu wangu?

Mwimbaji wa Viwanja Sitini

*

Mwanangu mwimbaji,

Marahaba. La Nora ni jepesi, tulimalize kwanza. Yeye mwenyewe alichukua za wazee wake akazichanganya na nyingine, na wewe umefanya hivyohivyo. Tofauti ni moja tu: yeye alikuambia zilikotoka, wewe ukawaambia watu "mwanzo mpaka mwisho". Huo ni uongo, na uongo dawa yake ni kusema kweli mapema. Mwandikie leo, si kesho: "Mwalimu, wimbo wako nimeutungia maneno nikauita wangu peke yangu, nisamehe." Tia stempu, peleka posta. Mume wako usimsikilize. Nora akikasirika utavumilia, lakini sidhani, maana mtu anayeimba nyimbo zilizovuka bahari anajua kwamba nyimbo zinasafiri.

Hilo limekwisha. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye lile debe.

Hivi, mwanangu, hukuona? Mimi nimekulia kwenye mashamba hayohayo ya ng'ambo. Kila dungu lina ukelele wake. Mpunga ukishapanda juu hamwonani, jirani anajua umeamka salama kwa kusikia sauti yako, na ukinyamaza asubuhi watu wanakuja mbio kutazama kama umeumwa na nyoka. Ukelele ule ndio jina la mama mkwe wako kule shambani, na ulikuwa jina lake kabla wewe hujaijua hata njia ya kwenda huko. Leo akifungua kinywa, vijana wanamjibu kwa wimbo wa harusi na vicheko juu. Umemfanya mama mtu mzima kichekesho katika shamba lake mwenyewe, halafu unaniandikia "ameninunia bila sababu". Bila sababu! Kweli nyani haoni kundule.

Mzungu aliye mbali amekukosesha usingizi. Huyu aliyekufundisha kushika mundu, ambaye mnakaa dungu moja, hukumwuliza kabla wala hukumshukuru baadaye. Nimeumia kusoma hivyo, sikufichi.

Basi fanya hivi. Nunua kitenge kizuri, gitaa liache nyumbani. Fika dunguni alfajiri kabla kwelea hawajatua, panda, piga magoti, useme: "Mama, ukelele wako niliuchukua bila kukuuliza." Ishia hapo. Usianze kumweleza habari za Ayalandi. Akitaka uutoe kwenye wimbo, uutoe, hata kama harusi zote zitakulilia. Si unasema unajua kutunga? Tunga kiitikio kingine. Akikuachia, basi kuanzia harusi ijayo taja jina lake na la Nora mbele ya watu kabla hujagusa uzi, na Kelestini awaendee wale vijana mmoja mmoja awaambie wamwache mama yake. Nora akifika na kinasa sauti chake, mvushe mto akamwombe mama mkwe mwenyewe kwa heshima, wewe uwe mkalimani tu.

Asubuhi hiyo ukishasema lako, kaa kimya. Jua likitoka na ndege wakija, anaweza kushika debe, na hapo utajua kazi bado, utarudi tena kesho yake na keshokutwa. Lakini ukimsikia anavuta pumzi na kuwapigia kwelea ukelele wake mpaka madungu ya mbali yakasikia, ujue amekusamehe.

Usimwitikie.

Bibi Mwanabaraka