Mahindi Mekundu ya Mzee Mbwana

Mjukuu wangu Zaina, marahaba. Huku Kang'ata hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama kazi yenu huko maabara ya kubadili vinasaba vya mbegu ni halali.

Enzi za ujamaa, nikiwa bwana shamba, nilikuwa nagawa mbegu mpya ya mahindi meupe kijijini. Jirani yetu Mzee Mbwana aliikataa, akapanda mekundu aliyoachiwa na mama yake. Msimu wa pili akaniletea hindi lenye punje nyeupe kati ya nyekundu, maana upepo ulivusha chavua ya shamba letu.

"Mimi nilikataa, mwanangu," akasema. "Mbona yameingia?"

Mbegu mpya ilizaa sana, watoto walishiba mwaka ule, hata wa kwake, ila mbegu ya mama yake hakuipata tena. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimdhulumu. Nyinyi huko, jirani aliyekataa mnamfanyaje?

Ni mimi babu yako.