Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Cimpunda, Bukavu, 10/9/2023

Mutoto wangu Gentil,

Jambo sana. Hali yako? Kifua kimepoa, ama vumbi ya Goma ingali inakusumbua? Huku tuko, Mungu anatulinda. Goti yangu inauma nikipanda, lakini goti haiue mutu, inalalamika tu sawa jirani.

Nakuandikia juu nikikupigia simu unasema, "Mama, niko kazini, nitakurudilia." Barua haikatike. Papa Bulonza, ule wa meli, atakupatia mukononi.

Mvua imeanza. Mufereji wa nyuma ya jiko letu umejaa chupa za plastiki mpaka juu, na karibu zote ziko na jina moja: Pendeza. Juisi ya kwenu, ya kiwanda chenye kinakulisha. Unakumbuka mwaka jana maji ilikosa njia, ikaingia kwa Mama Rosalie, ikabeba godoro. Sasa ukuta wa jikoni, ule marehemu baba yako alijenga na mikono yake, umepasuka. Naingiza kidole ndani.

Wamama wa shirika tulikutana baada ya misa. Mimi nikasema: kwetu Bushi, jirani akikuletea chakula, sahani yake unamurudishia. Sasa chupa ya Pendeza ni sahani ya nani? Si ya Pendeza? Basi wazichukue, wazisage, watengeneze kitu ingine. Barua yetu kwa mukurugenzi iko ndani ya bahasha hii. Umupatie.

Na tukiwa kwa mambo ya sahani, sufuria yangu ya kifuniko cha buluu iko wapi? Uliondoka nayo na sombe ndani, yale majani ya muhogo unapenda. Miaka ine sasa!

Mama yako,
Eulalie


Goma, 24/9/2023

Mama mupendwa,

Jambo Mama. Mimi muzima, kifua kimepoa. Usalimie Mama Rosalie, na goti pia.

Mama, nakuomba usikasirike. Barua ya wamama ingali mufukoni mwangu. Huku mimi ni mutu mudogo, napakiza makarto ya juisi ndani ya meli ya Bukavu, basi. Kontra yangu ya kazi inaisha mwezi wa kumi na mbili, na shefu Patrice ndiye anasema nani anabaki. Nikipeleka barua ya mama yangu mwenyewe, atasema mimi ndiye nimewatuma. Halafu huku wanasema, mutu akishanunua chupa, ni yake.

Nitakutumia simenti ya kuziba ule ufa. Hayo mengine uyaachie wakubwa. Sufuria iko. Napikia ndani kila siku.

Mutoto wako,
Gentil


Cimpunda, 15/10/2023

Mutoto wangu,

Jambo. Unakula lakini? Aksanti kwa simenti, tumeziba, ingawa ufa umetokea pembeni tena. Tuko wazima.

Barua yako nilisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya Rosalie. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mutu alinunua chupa! Ebu niambie, ni nani alishaenda dukani akasema, "Nipatie chupa, na unitilie juisi kidogo ndani"?

Hatukungoja. Tulitoa chupa kwenye mufereji, tukaziosha siku nzima, tukajaza mifuko, tukabeba kwa kichwa mpaka depo yenu ya hapa. Tulipofika mulangoni, Rosalie akasimama. "Mama Eulalie, kweli tutarudisha sahani ya watu tupu?" Haya ilitushika sisi wote. Tukashuka sokoni Kadutu, kila mama akatoa maharagwe yake, tukajaza bakuli moja kubwa, tukapanda tena.

Papa Delphin, mukubwa wa depo, alichukua bakuli, akaiingiza ndani. Mifuko ya chupa akaitupa njiani. Maharagwe akakula, Gentil! Amekula yetu, na sahani yake hataki. Ile ilituuma kupita mvua.

Tangu siku ile hakuna anayenunua Pendeza hapa Cimpunda. Ubatizo, ndoa, matanga, tunakunywa juisi ya matunda ya marakuja, ya kukamua nyumbani. Wamama wa Kadutu wamefuata. Siku wanachukua chupa zao, tutakunywa tena juisi yao. Tumeandika hivyo kwenye karatasi na kila mutu ametia jina. La kwanza ni langu. Usiogope.

Mama yako


Goma, 27/10/2023

Mama,

Jambo. Niko muzima.

Karatasi yenu imefika huku. Jina la kwanza ni Eulalie, mujane wa Mushagalusa, na Mushagalusa ndilo jina liko kwenye beji ya kifua changu kila asubuhi nikiingia kazini. Makarto ya Bukavu yanarudi bila kuuzwa. Shefu anapiga meza. Na wewe unaniambia nisiogope! Unajua wangapi wanangoja hii kazi pale mulangoni?

Nakuomba, futa jina lako. Kama unakataa, usiniandikie kwanza.

Gentil


Cimpunda, 17/12/2023

Mutoto wangu Gentil,

Jambo. Ulisema nisikuandikie. Nimengoja wiki saba, nguvu ya kuongeza sina. Papa Bulonza alifika mara tatu bila barua. Mara ya ine alipita njia ingine ili asikutane na macho yangu, masikini.

Usishituke, hakuna aliyekufa. Jumanne mvua ilinyesha toka asubuhi. Zile chupa Delphin alitupa njiani zilikuwa zimerudi kwenye mufereji, maji ikakosa njia. Ukuta wa baba yako umeanguka, na jiko lote limeenda, pamoja na mulango wa nyumba. Mimi nilikuwa kwa Rosalie tunachambua maharagwe. Maharagwe ndiyo iliniokoa, ucheke kidogo. Nakaa kwake kwa sasa.

Sikuandikie ili utume kitu. Nakuandikia juu barua yako ya mwisho chini ilikuwa "Gentil" tu. Zamani ulikuwa unaandika "mutoto wako". Naifungua kila siku kuangalia kama sikusoma muzuri.

Jina langu sikufuta.

Mama yako


Goma, 5/1/2024

Mama yangu,

Jambo, na pole, pole sana. Najua hukutaka nilie. Nimeshindwa.

Nikuambie yote. Ule mwezi wa kumi, shefu Patrice aliinua karatasi mbele ya wafanyakazi wote, akaniuliza, "Huyu Eulalie ni nani kwako?" Nikajibu, "Simujui." Mama, nilisema simujui. Ndiyo maana mukono ulikataa kuandika mutoto wako.

Habari ya ukuta ilipofika, nilichukua ile bahasha ya kwanza, nikaingia kwa mukurugenzi bila kuitwa. Nikasema huyu ni mama yangu, na ukuta wa baba yangu umeanguka kwa sababu ya chupa zetu. Nikamusimulia maharagwe. Akauliza, "Delphin alikula?" Nikasema alikula. Akashika kichwa. Kumbe yeye ni mutu wa Katana, kwetu Bushi, anajua sahani ni nini.

Ndipo nikamwambia kitu chenye nilikuwa naona miaka ine yote na akili haikuamuka: meli inapeleka juisi yetu Bukavu imejaa, na inarudi Goma tupu. Tupu, Mama! Sahani kubwa vile! Basi wamekubali kujaribu miezi mitatu. Depo itapokea chupa, kila Ijumaa meli itazirudisha huku, watazisaga na kutengeneza makreti. Ni kujaribu tu, musilegeze.

Lakini kontra yangu imeisha na hawakuiongeza. Shefu Patrice alisema, mutu anayekana mama yake leo, kesho atakana kiwanda.

Natamani kurudi nyumbani. Lakini nirudi na nini? Sufuria yako iko hapa mbele yangu. Ndiyo imenizuia Noeli zote hizi, niliona haya kuirudisha tupu. Ngoja nipate kwanza kitu cha kutia ndani.

Mutoto wako, kama ungali unanitaka,
Gentil


Cimpunda, 14/1/2024

Mutoto wangu,

Jambo. Goti iko, na mimi niko.

Petro alimukana Bwana mara tatu, na bado aliachiwa funguo. Wewe ulinikana mara moja. Funguo sina ya kukupa, juu mulango wenyewe ulienda na maji.

Ijumaa tulipeleka mifuko yetu depo. Papa Delphin alipokea mwenyewe, macho chini. Halafu akaturudishia ile bakuli, ndani ametia chumvi. Wamama walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka madukani kuangalia. Kesho tunaingia tena kwenye mufereji, chupa zingali nyingi.

Sasa unisikilize. Ile sheria ya sahani ni ya jirani. Wewe ni jirani yangu? Mutoto anarudisha sufuria ya mama yake tupu, hata chafu, na mama anaosha.

Panda meli ya Ijumaa. Sombe tumeshatwanga, na Rosalie amenipa kona ya jiko lake. Ila sufuria zangu zote maji ilibeba. Imebaki moja tu, ile iko kwako. Leta, nikupikie.

Mama yako