Ng'ombe wa Mmisionari

Somanda, Bariadi,
Simiyu.
14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Fabian,

Mwangaluka! Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkeo Violeth bado hajashikwa na uchungu. Sisi hatujambo. Mayu aliyetuzaa goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Pamba tumeshauza, mahindi ndiyo yametutupa mkono mwaka huu.

Barua zako zote tatu zilifika. Mwenyekiti wetu wa kamati ya umisheni, Mzee Kwandu, alizisoma kanisani kwa sauti mpaka pale unaposema Bwana ni mwema, kisha akakunja karatasi, tukapiga makofi. Wiki iliyopita nilizikuta ofisini kwa mchungaji nikifagia, nikasoma yaliyobaki. Ndipo nikajua kwamba Violeth alizaa kwa upasuaji mara ya kwanza, na daktari anataka akae karibu na hospitali mwezi mzima kabla ya kujifungua, nanyi hamna hata nauli. Niliona aibu kwa yale makofi yangu.

Unajua kwa nini ulitumwa? Wewe unadhani ni kwa ajili ya Injili. Mimi naimba kwaya, nakaa karibu na wakubwa, nasikia. Ulitumwa kwa sababu usharika wa jirani walikuwa na mmisionari na sisi hatukuwa naye. Mzee Kwandu husema wazungu walituletea Neno, sasa ni zamu yetu kulipeleka kwa wengine. Maneno matamu. Ila hakuna aliyeuliza kama huko Malawi wana makanisa mengi kuliko sisi. Walitaka bango la usharika lisomeke "nje ya nchi" tu.

Na matunzo yako je? Hapo nacheka huku roho inaniuma. Siku ya kukuaga ulipewa ng'ombe wanne, maana kwetu mtu wa heshima hapewi bahasha. Wakafungwa vitambaa vyeupe kwenye pembe, wakaombewa, wakatangazwa kuwa ni wako. Nani alifikiria watakufikiaje Malawi? Tangu hapo wako Kimali kwenye boma la Mzee Kwandu, na maziwa wanakunywa wajukuu zake. Kila Jumapili ya umisheni linakodiwa lori, wanaletwa mpaka hapa Bariadi tuwatazame na kupiga picha. Lori lina fedha, Violeth hana.

Nilimwuliza Mzee Kwandu kwa nini wasiuze mmoja. Alinitazama kama nimemtukania mama.

"We binti, ng'ombe wa Bwana auzwe? Halafu watu tutawaonyesha nini?"

Sijawahi kumdharau mtu mzima kama nilivyomdharau siku ile, Mungu anisamehe, na asiponisamehe pia nitaelewa.

Basi Jumatatu, kamati ikiwa imekaa kupanga kutuma mmisionari wa pili, mimi na Mjomba Mashimba tulikwenda Kimali. Masalu anayewachunga hakuuliza kitu. Hata ujira wake ni ahadi tu. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyeuliza, kabla ya kutuandikia kibali, ng'ombe huyu ni wa nani. Nikamwambia ni wa mdogo wangu. Sikudanganya, usharika mzima ulisema hivyo mbele ya madhabahu. Tukamuuza mnadani Mwanhuzi, yule mwekundu mnene kuliko wote.

Esteria, binti wa shangazi aliyeolewa Kyela, ndiye anayekuvukishia barua hii, na fedha zote anazo yeye. Mpeleke Violeth hospitali siku hiyohiyo.

Jumapili nimeitwa mbele ya baraza la wazee. Watanitenga, hilo halina shaka. Inaniuma, sitakuficha, nimeimba kwaya ile tangu nina meno ya utoto.

Msalimie sana Violeth. Mayu anakusalimu, Mjomba Mashimba na mkewe Anyesi pia. Mungu awape mtoto mwenye sauti ya kuwaamsha majirani, na mama yake abaki salama.

Neno moja tu. Naujua upole wako. Ukisikia nimetengwa utataka kurudisha fedha hizi ili kanisa liwe na amani. Usithubutu, Fabian. Ukizirudisha, hapo ndipo nitakuwa nimeiba.

Wako akupendaye,
dada yako Evalina